Maswali yenu kwa dokta: mtoto katoka kwenye tetekuwanga, halafu anatapika mfululizo

Safari hii barua nyingi zimeangukia sehemu moja, asprini kwa watoto na ule ugonjwa unaoitwa Reye (mnautamka Rai) unaoshika ubongo na ini kwa pamoja. Ni ugonjwa wa nadra sana na wengi hamjawahi kuusikia, lakini mtoto akiupata masaa machache tu yanaweza kuamua kama atapona vizuri au la, kwahiyo nafasi yote ya leo nimeipa hii mada, wale wa vipele vya joto na mtoto kukataa uji mnivumilie mpaka toleo lijalo.

Dokta shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili nipo Morogoro. Mkubwa ana miaka 7, mwezi uliopita alipata tetekuwanga, darasa lao karibu zima walikuwa nayo, usiku homa ikawa kali nikaenda duka la dawa yule kijana akanipa vidonge vyeupe kwenye kikaratasi akasema mpe nusu kutwa mara tatu. Nikampa siku mbili homa ikashuka, sasa hivi mzima anacheza. Juzi naongea na mdogo wangu anaishi Minnesota, Marekani, katika kuulizana tukajua kile kidonge kilikuwa asprini, alipiga kelele kwenye simu dada utamuua mtoto, huko kwao mtoto hapewi kabisa kuna ugonjwa wa Reye. Tangu siku hiyo silali. Je bado yupo hatarini? Na mbona sisi huku tunauziwa tu?
*Mama wawili, Morogoro*

Marahaba mama. Kwanza ulale, mwanao limeshampita hilo. Reye haikai mwilini ikasubiri mwezi mzima, dalili zake zinaanza siku chache tu baada ya mtoto kuanza kuugua, mara nyingi siku ya 3 mpaka ya 5, kile kipindi ambacho mama anasema afadhali leo kaomba chai. Mtoto ambaye mwezi umekatika na anakula na anakimbizana na wenzie hana haja ya kupimwa chochote kwa ajili ya vidonge vile. Na ujue watoto wengi mno duniani walipewa asprini wakiwa na homa hawakupata kitu, hata Marekani ugonjwa ulipokuwa juu kabisa, mwaka 1979 kuingia 1980, nchi nzima waliripoti watoto 555. Shida ni kwamba kati ya hao wanaopata, sio wachache wanaokufa, na baadhi ya wanaobaki wanabaki na ubongo ulioumia. Ndo maana mdogo wako alipiga kelele, na mimi simlaumu kabisa, anaishi nchi ambayo pakiti ya asprini yenyewe imeandikwa onyo hilo.

Sasa nikueleze ni kitu gani hasa. Mwaka 1963 daktari wa patholojia (anayechunguza viungo kujua chanzo cha ugonjwa) wa hospitali ya watoto ya Sydney kule Australia, Douglas Reye, pamoja na wenzake Graeme Morgan na Jim Baral waliandika kwenye jarida la The Lancet habari za watoto 21 waliopita hospitalini kwao kuanzia 1951 mpaka 1962. Watoto walianza na mafua au homa ya kawaida tu, wakaelekea kupona, halafu ghafla wakaanza kutapika, kuchanganyikiwa, degedege, fahamu zikapotea. Kati ya 21 walikufa 17. Walipopasuliwa baada ya kufa ubongo ulikutwa umevimba na ini limekuwa la njano kwa kujaa mafuta. Mwaka huohuo madaktari wengine wakaandika habari inayofanana toka North Carolina, Marekani, watoto walioumwa mafua makali ya influenza B, kwahiyo ikaonekana hili sio jambo la Sydney peke yake.

Kinachotokea ndani ni hivi. Kila seli ya mwili ina vitu vidogo vinaitwa mitokondria, ndo jiko la seli, ndo panapopikwa nguvu tunayoitumia. Kwenye Reye mitokondria zinavurugika, hasa za ini. Ini likishindwa kuchoma mafuta yanajazana humohumo ndani yake, likishindwa kuiondoa amonia (taka yenye sumu inayotokana na protini) ile amonia inapanda kwenye damu mpaka inaufikia ubongo, na sukari ya damu inashuka kwasababu ini ndo linalotoa sukari pale mtoto anapokuwa hajala. Ubongo unavimba, na fuvu la kichwa halitanuki kuupisha, na uvimbe huo ndo unaoua mara nyingi kuliko ini lenyewe. Mtoto akivuka, ini lake huwa linarudi sawasawa kabisa, ubongo ndo wa kuombea.

Asprini inaingia wapi? Virusi, hasa vya influenza na vya tetekuwanga, vinakuwa vimeshazichosha hizo mitokondria, asprini ikija juu yake inaziumiza zaidi, hasa kwa wale watoto wachache ambao miili yao inadhaniwa ina udhaifu wa namna hiyo. Miaka ya mwisho ya 70 na mwanzo wa 80 watafiti wa Arizona, Ohio na Michigan waliwalinganisha watoto wenye Reye na watoto wenzao waliougua mafua au tetekuwanga ileile lakini wakapona bila shida, wakakuta wenye Reye walikuwa wamepewa asprini zaidi. Mwaka 1982 daktari mkuu wa serikali ya Marekani akatoa tahadhari, lakini onyo kuandikwa kwenye pakiti kwa lazima lilichukua mpaka 1986, maana wenye viwanda walipinga, na hapo katikati watoto waliendelea kufa. Wazazi waliopoteza watoto walishakuwa na shirika lao tangu 1974, makao yake mji mdogo wa Bryan, Ohio, wakawa wanazunguka kuelimisha watu na kubanana na wakubwa. Mimi kila nikisoma habari zao nawaheshimu sana wale wazazi. Uingereza nayo 1986 ilikataza asprini kwa watoto chini ya miaka 12, na 2002 wakapandisha hadi chini ya 16.

Na matokeo yakaonekana waziwazi. Toka mwisho wa 1980 mpaka 1997 Marekani iliripotiwa watoto 1,207, lakini karibu wote ni wa miaka ile ya mwanzo, kuanzia 1994 mpaka 1997 hawakuzidi 2 kwa mwaka. Ni magonjwa machache sana ya watoto yaliyoshuka namna hiyo kwasababu tu wazazi wameacha kutoa kidonge fulani.

Umeuliza mbona tunauziwa. Asprini sio sumu mama, ni dawa nzuri kwa mtu mzima mwenye tatizo la moyo au aliyewahi kupata kiharusi, na ni ya bei rahisi, kwahiyo dukani lazima iwepo. Kilichoniuma kwenye barua yako ni kile kikaratasi. Vidonge vyeupe visivyo na jina, mtoto wa miaka 7, nusu kutwa mara tatu, na hakuna aliyekuuliza mtoto ana uzito gani au anaumwa nini. Siku nyingine kabla hujatoa hela uliza hii dawa inaitwaje, mwambie aandike jina na nguvu yake hapohapo kwenye karatasi, akikasirika nenda duka la pili. Ukisikia asprini na anayeumwa ana chini ya miaka 16, rudisha.

Mwanangu daktari, sisi watoto wetu tuliwalea kwa asprini na mwarobaini na wote wamekua, mmoja ni mwalimu sasa hivi. Siku hizi kila kitu mnakataza. Nina mjukuu wa miaka 4 nakaa naye huku Tanga, mama yake yuko Dar kwenye kazi. Homa ikimshika usiku na zahanati imefungwa nimpe nini basi?
*Bibi, Tanga*

Shikamoo bibi. Nakushukuru kwa kulea, na swali lako ni la haki kabisa. Ni kweli wengi walikuzwa kwa asprini wakakua, nimesema hapo juu kwamba wanaodhurika ni wachache. Lakini bibi na wewe unawakumbuka watoto wa enzi zile waliokufa kwa homa tu, jana alikuwa anapona leo kageuka, akazikwa ikasemwa ni homa au ni mkono wa mtu, hakukuwa na kipimo cha kutuambia zaidi. Halafu sio Reye peke yake. Mwaka 1996 watafiti wa Kilifi, hapo tu ng'ambo ya mpaka kutoka kwenu, waliandika kwamba watoto wengi waliolazwa na malaria kali walikutwa na asprini kwenye damu zao, na baadhi yao ilikuwa imefika kiwango cha sumu, wanahema haraka haraka na sukari imeshuka, inaonekana kama malaria tupu kumbe na dawa ya nyumbani imo. Mtoto anapewa kidogo asubuhi na mama, kidogo mchana na bibi, kidogo na jirani, inajumlishana.

Cha kumpa ni parasetamo. Dozi inakwenda kwa uzito, miligramu 10 mpaka 15 kwa kila kilo moja. Tuseme mjukuu ana kilo 16, anahitaji miligramu 160 mpaka 240, ile dawa ya maji ambayo chupa imeandikwa miligramu 120 kwa mililita 5 utampa mililita 7 mpaka 10 hivi, upimie na kijiko cha dawa chenyewe sio cha chai. Unaweza kurudia baada ya masaa 4 mpaka 6, ila isizidi mara 4 kwa siku nzima usiku na mchana, na hapo naomba unisikilize vizuri bibi, parasetamo nayo ikizidishwa inaharibu ini. Mpunguzie nguo, mpe maji na uji hata kidogo kidogo asilale na njaa, na kukicha mpeleke akapimwe malaria, parasetamo inashusha homa tu haitibu kilichoileta.

Na ile dawa ya kuchua inayonukia na kuwasha, nyingi zina methili salisileti, ni ndugu wa asprini na inapenya kwenye ngozi. Ya kwako ya magoti iwe ya magoti yako, usimpake mtoto kifuani.

Habari ya kazi daktari. Niko Malindi. Mtoto wa ndugu yangu, miaka 5, alikuwa na mafua na homa karibu wiki akawa ameanza kuchangamka. Alikuwa akipewa vidonge vya kichwa vilivyokuwa nyumbani. Siku ya pili baada ya kuchangamka akaamka anatapika, akinywa maji anatoa, akinywa uji anatoa. Jioni akageuka akawa mkali, anampiga mamake, anamuuma, anasema maneno hayaeleweki. Wazee wakasema ni dege, amepitiwa na nyuni, wakafukiza ubani. Usiku akashikwa na kifafa ndo tukakimbia naye. Malaria hakuna. Akalazwa chumba cha mahututi siku nyingi, Alhamdulillahi alipona, kwenye karatasi wameandika Reye. Sasa yuko shule lakini ni mzito kushika masomo na mkono wa kulia hauna nguvu. Tungejuaje mapema? Na mkono utarudi?
*Baba mdogo, Malindi*

Poleni sana baba, wewe na ndugu yako na mama wa mtoto. Umeieleza Reye vizuri kuliko vitabu vingi, nawaomba wasomaji muirudie barua hii mara mbili.

Dalili ya kwanza ndo hiyo kutapika. Sio kutapika mara moja kwasababu alikula vibaya, ni kutapika mfululizo, kila kinachoingia kinatoka, kwa mtoto ambaye alikuwa anatoka kwenye mafua au tetekuwanga au ugonjwa mwingine wa virusi. Halafu tabia inabadilika. Mwingine anakuwa kama amechoka kupita kiasi, analala ukimwamsha anafumba macho tena, hana habari na kitu, mwingine ni kama huyu wenu, anakuwa mkali, haogopi mtu, anauma, anaona vitu visivyokuwepo, anamwangalia mama yake kama hamjui. Baada ya hapo degedege, kisha kuzimia, na hii safari yote inaweza kwenda kwa masaa tu sio lazima siku. Kwa vichanga kutapika kunaweza kusiwepo sana, unaona kuharisha na kuhema haraka. Homa mara nyingi imeshashuka kwahiyo watu hawaogopi. Macho nayo kwa kawaida hayawi ya njano, au ni kwa mbali sana, watu wanasubiri unjano ndo waamini kuwa ini linaumwa na hapo wanachelewa. Reye inapita kimya upande huo.

Kwahiyo kama unatafuta kitu cha kushika ni hicho, mtoto alikuwa anapona, akaanza kutapika bila kukoma, na tabia imegeuka. Hapo hamna kusubiri asubuhi. Hata kama mwisho itakuja kuonekana sio Reye, na mara nyingi kwa huku kwetu haitakuwa Reye, basi itakuwa malaria ya kichwani au homa ya uti wa mgongo au sukari imeshuka au kala kitu chenye sumu, na hivyo vyote navyo vinataka hospitali usiku huohuo.

Kuhusu wazee sitaki kuwasema vibaya, wanampenda mtoto na wamefanya walichofundishwa. Dua haina ubaya wowote, ila isomwe garini mkiwa njiani kwenda hospitali. Na mtoto mwenye fahamu zinazokwenda na kurudi msimnyweshe kombe wala dawa yoyote kwa nguvu, inaingia mapafuni.

Mkifika pale mseme mambo matatu bila kuulizwa, alikuwa anaumwa nini wiki zilizopita, lini alianza kutapika, na kameza dawa gani, na vidonge vyenyewe mbebe hata kama ni vumbi limebaki. Hili la tatu ndo linalokosekana sana. Mama anaogopa kugombezwa, au anasema nilimpa panadol, kwasababu kwetu kila kidonge cha maumivu tunakiita panadol hata kama sio, halafu daktari anatafuta gizani. Hakuna daktari mwenye akili timamu atakayekugombeza wakati mtoto anapigania roho, na akikugombeza wewe sema tu.

Madaktari watapima sukari palepale kwa tone la damu, malaria, watatoa maji ya uti wa mgongo wakiona ni salama ili kuondoa homa ya uti wa mgongo (kwenye Reye yale maji huwa hayana dalili ya maambukizi), watapima vimeng'enya vya ini ambavyo vinakuwa vimepanda sana, na pale penye mashine watapima amonia. Dawa ya kuua Reye yenyewe haipo. Kazi ni kuushikilia mwili mpaka mitokondria zirudi zenyewe, dripu ya sukari, dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo kama manitoli, kichwa cha kitanda kuinuliwa, vitamini K au plazma (ile sehemu ya maji ya damu) kama damu haigandi, dawa za degedege, na mashine ya kupumulia ikibidi. Mtoto anayefika bado anaongea hata kama anaongea ovyo ana nafasi nzuri kuliko yule anayefika kazimia.

Mkono sasa. Siwezi kukuahidi utarudi wote, lakini ubongo wa mtoto wa miaka 5 bado unajijenga na mwenye kufanyishwa mazoezi mapema anapata mengi. Mwombeni daktari awaandikie mazoezi ya viungo na kama ipo tiba ya kazi (kufundishwa kutumia mkono kwa shughuli za kila siku), muulize mama afundishwe ya kufanya nyumbani kila siku maana mara moja kwa wiki hospitali haitoshi. Shuleni mkaongee na mwalimu mapema kabisa, akae mbele, apewe muda zaidi, na asichapwe kwa kusahau. Hilo la kuchapwa nalisema kwa uchungu kwasababu watoto wa namna hii wanaitwa wavivu, na hawana uvivu wowote. Hata huyo anayekimbia uwanjani kama wenzie anaweza kuwa na shida ya kumbukumbu ambayo haionekani.

Dokta mimi nauza duka la dawa muhimu huku Kahama. Nataka orodha ya vitu nisimuuzie mtoto maana asprini naijua ila nimesikia imejificha kwenye dawa nyingine.
*Muuzaji, Kahama*

Umefanya vizuri sana kuuliza, wangekuwa wote kama wewe. Soma nyuma ya pakiti sio mbele. Ukiona asprini, asidi asetilisalisiliki, au neno lolote lenye salisileti ndani yake, chini ya miaka 16 usitoe bila cheti cha daktari. Inajificha kwenye vile vidonge vya kichwa vya kuchanganya, asprini na parasetamo na kafeini kwa pamoja, na mama atakuambia ni panadol ya nguvu. Ipo kwenye baadhi ya dawa za tumbo zenye bizmathi, na kwenye baadhi ya jeli za kupaka fizi za mtoto anayeota meno, Uingereza jeli za namna hiyo waliziondoa kwa watoto tangu 2009. Diklofenaki usimpe mtoto mwenye homa kwa kuamua wewe. Ibuprofeni mtoto mwenye tetekuwanga aiepuke, vipele vinaweza kuingia maambukizi mabaya ya ngozi. Na msimu wa dengi kama ule wa Dar 2014 na 2019 asprini isitoke hata kwa mtu mzima mwenye homa, anaweza kutoka damu.

Daktari mwanangu wa kike miaka 9 alifanyiwa operesheni ya moyo Dar, anapewa asprini ndogo kila siku na daktari wa moyo. Nimesoma mambo ya Reye nikaogopa nimeiacha siku ya tatu leo.
*Mama, Dodoma*

Mama mrudishie dawa leo na umpigie daktari wake leo hii, usingoje tarehe ya kliniki. Hiyo asprini inazuia damu kuganda kwenye moyo uliotengenezwa, ikiganda anaweza kupata kiharusi, na hatari hiyo kwake ni kubwa kuliko Reye. Wapo watoto ambao madaktari tunawaandikia asprini tukijua tunachofanya, waliofanyiwa upasuaji wa moyo, wenye homa ya baridi yabisi iliyoshika moyo, wenye ugonjwa wa Kawasaki (unaovimbisha mishipa ya damu), na dozi yao inapimwa. Onyo la Reye ni kwa ile ya kutoa nyumbani kwa homa.

Ila kwa sababu anatumia kila siku, muulize daktari kuhusu chanjo ya influenza, na ya tetekuwanga kama hajawahi kuumwa, ya tetekuwanga haimo kwenye ratiba ya kawaida ya kliniki zetu mnailipia kwenye hospitali binafsi, na ni lazima daktari wa moyo aamue kwanza maana wakati wa kuichoma wanaweza kutaka kubadilisha dawa kwa muda. Na siku akipata mafua makali, au kukiwa na tetekuwanga shuleni au kwa jirani, piga simu siku hiyohiyo, wao ndo waseme aendelee au asimame.

Nipo London, nimejifungua karibuni. Dada yangu Dar alipoteza mtoto wa mwaka mmoja na nusu, alitapika, akalala hakuamka, wakasema ni ini na ubongo, na hakuwahi kupewa asprini kabisa. Baadaye mtoto wake wa pili naye akaugua hivyohivyo akapona. Je Reye inarithiwa? Huku wamemchoma mwanangu kisigino kuchukua damu, wanatafuta nini?
*Mama mchanga, London*

Hongera kwa mtoto, na pole nyingi zimfikie dada. Reye yenyewe hairithiwi wala haiambukizi. Lakini watoto wawili wa tumbo moja, bila asprini, mmoja chini ya miaka miwili, hapo mimi nafikiria kitu kingine kinachofanana nayo sana, magonjwa ya kuzaliwa ambayo mwili unashindwa kuchoma mafuta. Maarufu zaidi ni upungufu wa kimeng'enya kiitwacho MCAD. Mtoto anakuwa mzima kabisa, siku akiugua akakosa kula masaa mengi, sukari inaisha, mwili unageukia mafuta unashindwa, na unaona picha ileile ya kutapika, usingizi mzito, ini na ubongo. Madaktari sasa wanajua kwamba baadhi ya watoto walioandikiwa Reye zamani walikuwa na magonjwa haya. Kile kipimo cha kisigino hapo Uingereza kinachofanywa siku ya 5 hivi kinaitafuta MCAD pamoja na magonjwa mengine, kwahiyo subiri majibu na uwaambie habari ya dada yako waziwazi, mkunga na daktari wako wote.

Inarithiwa kwa baba na mama wote wawili wakiwa wabebaji bila wao kuumwa, na kila ujauzito una nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kuwa nayo. Sio laana na sio kosa la dada wala la shemeji, hilo mwambie mapema kabla ya maneno ya watu.

Dada ampeleke huyu aliyepona kwa bingwa wa watoto Muhimbili, aombe kuchunguzwa magonjwa ya kuzaliwa ya uchomaji mafuta, kama kipimo kinatakiwa kupelekwa nje wewe unaweza kusaidia kulipia. Huku wakisubiri asimwache akae na njaa muda mrefu, hasa akiwa anaumwa, usiku amwamshe ale. Akianza kutapika na kukataa chakula asimuuguze nyumbani, aende akawekewe dripu ya sukari hata kama mtoto anaonekana ana nguvu, na kwenye kadi ya kliniki ukurasa wa mbele aandike kwa kalamu nyekundu kwamba mtoto huyu ndugu yake alikufa hivi, yeye aliugua hivi, pimeni sukari kwanza.